Kidaka kilichokataa kutoka

Upana wa chumba cha bibi yangu uliamuliwa na mkoko. Sipigi mafumbo. Boriti zilizobeba dari zilikatwa kwenye mikoko ya Lamu, na mkoko ulionyooka hukupa kipande cha mita 3 hivi cha kutegemewa. Ondoa ncha mbili zinazozama ukutani, utabaki na chumba chembamba kirefu, mithili ya behewa la treni. Ndiyo maana nyumba kongwe za Mkomani, mtaa wa Lamu, zina vyumba vilivyolala sambamba, kimoja nyuma ya mwenzake, na hakuna tajiri wa zamani aliyeweza kununua upana kuzidi huo. Mali iliongeza urefu, ikaongeza ghorofa, ikaongeza nakshi. Upana ulikuwa wa mti. Na kwa kuwa majahazi yalibeba boriti hizo hadi Ghuba miaka na miaka, nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba vya namna hiyo hiyo. Mti mmoja ukawapimia vyumba watu wa pande mbili za bahari.

Mimi nachora ramani za nyumba, Mombasa. Si msanifu mwenye muhuri; mimi ndiye yule anayeketi chumba cha nyuma akimchorea mwenye muhuri. Kwangu kazini ukuta ni mistari miwili sambamba. Kuna ukuta wa inchi sita na ukuta wa inchi tisa, katikati napitisha vimistari vya mshazari kuonyesha kwamba hapa ni jiwe, basi, nimemaliza ukuta. Kwa siku naweza kuchora kuta za familia nne. Ukuta wa bibi haukuchoreka hivyo. Ulikuwa na unene wa mkono mzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na ndani ya unene ule mlikuwa na vitu.

Nyumba yenyewe huingiwi kwa pupa. Mwanzo ni daka, na baraza mbili za mawe kushoto na kulia kwa mlango, ambapo mgeni huketi na huenda asivuke kamwe. Halafu tekani, kiukumbi kilichokaa upande ili aliyeko njiani asione yaliyomo. Kisha kiwanda, ua usio na dari, jua lake na mvua yake. Kisha vyumba virefu viwili, msana wa kwanza na msana wa pili, na kila unapovuka unapanda kidato kimoja. Mwisho kabisa ni ndani. Chumba kinaitwa hivyo hivyo, ndani, kana kwamba hivyo vingine vyote ni nje. Huko nyuma ndiko walikozaliwa mama na wajomba zangu, na huko ndiko maiti wa nyumba walikooshewa, bibi mwenyewe akiwemo.

Ukuta wa ndani, ule unaotazamana na kiwanda kwa mbali, ulijaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kiswahili cha shuleni kinasema vidaka. Kwetu ni zidaka, na sitabadilisha. Safu juu ya safu, kila kidaka na fremu yake ya chokaa iliyochongwa, zile za chini kubwa na za juu zikizidi kuwa ndogo, hata jicho linadanganyika kuwa ukuta unarudi nyuma kuliko ulivyo. Nilizihesabu siku moja nikiwa mtoto mwenye homa, nimelazwa kitandani kwa bibi sina la kufanya. Zilikuwa 48. Watu wa kale waliweka humo sahani za Kichina na misahafu. Bibi aliweka msahafu, ndiyo, na sahani mbili zilizopona, lakini pia mkasi wa cherehani, vichupa vya marashi, kandili, bili za umeme, na usiku meno yake ya bandia ndani ya bilauri. Kwa hiyo niliujua ukuta kama kitu chenye mifuko kabla sijaujua kama kitu cha kutenganisha.

Mwaka mmoja mjomba alipokea pesa zake za kustaafu, akaona chokaa ya ukuta wa msana imechakaa, akaleta fundi na mifuko ya saruji. Bibi akagoma. "Huo ni kuutia ukuta koti la mvua wakati wa kaskazi," alisema, lakini nani anamsikiliza mwanamke mzee kuhusu ujenzi? Chokaa ya kwetu hutoka baharini: magogo hupangwa duara, matumbawe yakawekwa juu yake, moto ukawaka hadi mawe yakageuka unga, kisha unga huo hunyweshwa maji na kuachwa ulale miezi. Chokaa ya namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Saruji haiachii. Kabla misimu miwili haijapita ukuta ulianza kutoa jasho, chumvi ikachanua juu yake nyeupe kama ukungu wa mkate, kisha plasta ikaanza kuanguka usiku, vipande vikubwa, kila kimoja kimeondoka na gamba la tumbawe. Mjomba hakusema neno. Alichukua fagio.

Macho hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku nilipofungua jarida moja kuukuu la usanifu, pale ofisini, nikakutana na picha ya nyumba ya Rachel Whiteread, msanii wa Uingereza.

Mwaka 1993, mashariki mwa London, kwenye barabara ya Grove, kulikuwa na safu ya nyumba za matofali zinazobomolewa ili mahali pawe uwanja wa nyasi. Ikabaki moja, namba 193. Whiteread, akisaidiwa na taasisi ya Artangel, akaingia na mafundi wake. Waling'oa masinki, makabati na nyaya. Wakasimamisha wavu wa chuma, wakapulizia zege kwenye kuta zote za ndani, chumba kwa chumba, ghorofa tatu. Zege lilipokauka, wakaibomoa nyumba yenyewe. Matofali, milango na madirisha vikaenda. Kilichobaki kimesimama barabarani ni ile hewa ya ndani, imegeuka jiwe.

Mahali palipokuwa na meko pakawa na nundu. Dirisha lililokuwa uwazi likawa donge lililotokeza. Ukitazama picha unaona kila kitu kiko kinyume, kama kanzu iliyovaliwa ndani nje. Masonara wanalijua jambo hili: kalibu hujazwa dhahabu, kisha kalibu huwekwa kando na pete ndiyo hubaki. Hapa nyumba ndiyo ilikuwa kalibu. Waliokaa mle, wakala, wakagombana, wakalala, walikuwa wakiishi ndani ya kalibu.

Nilichokifanya mara moja, na nakumbuka nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, ni kufikiria ndani ya bibi imejazwa vile. Behewa lile refu, jembamba. Na kwenye ubavu wake mmoja, zidaka 48, zote zimetokeza nje, safu juu ya safu, kama mikate ya mofa imebandikwa kwenye jiwe.

Neno "nafasi" kwetu limebeba mizigo mitatu. Sina nafasi: chumba kimejaa. Sina nafasi: muda umenibana. Sikupata nafasi: mlango haukufunguliwa. Wasanii wa Dar es Salaam wana kituo chao Mikocheni tangu 2008 kinachoitwa Nafasi, na karakana zao ziko ndani ya makontena ya meli, yaani watu wamepata nafasi ndani ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mizigo. Whiteread alichofanya ni kuigandisha nafasi, ukaweza kuizunguka na kuipiga kofi. Na Waingereza waliipiga kweli. Mtu mmoja aliandika juu yake kwa rangi kuuliza ni ya nini. Mwingine akaandika chini, kwa nini isiwe. Tarehe 23 Novemba 1993 Whiteread alipewa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke wa kwanza kuipata, na siku hiyo hiyo madiwani wa mtaa wakapiga kura kazi ibomolewe. Kikundi kingine kikampa pauni 40,000, mara mbili ya hiyo tuzo, kwa kuwa msanii mbaya kuliko wote. Tarehe 11 Januari 1994 tingatinga likaja. Lilimaliza siku hiyo.

Nilipata nafasi ya kwenda London mwaka 2024, kwa maana ile ya tatu. Binamu yangu anaishi huko, mumewe ni dereva wa basi, na walikuwa wakinialika kila Idi. Ombi la kwanza la viza lilikataliwa kwa barua fupi iliyoandikwa kwa adabu nyingi. La pili lilikubaliwa, karatasi zikiwa zilezile. Siku ya ombi la kwanza niliketi mbele ya kioo kizito chenye kitundu cha kusemea kilichokuwa chini mno, ikabidi niiname kama ninayerukuu kila ninapojibu. Aliyekuwa upande wa pili hakuhitaji kuinama. Mchoraji yeyote wa ramani atakuambia urefu wa kitundu haujitokezei tu. Kuna mtu aliuandika kwenye karatasi.

Nilimkumbuka Santiago Sierra, msanii Mhispania aliyekabidhiwa jumba la nchi yake kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2003. Alijenga ukuta wa matofali hatua chache baada ya mlango mkuu, ukaziba njia. Jina la Hispania juu ya jengo akalifunika kwa plastiki nyeusi. Aliyetaka kuona yaliyomo ilibidi azunguke nyuma, na huko mlinzi aliruhusu tu wenye pasipoti au kitambulisho cha Hispania. Ndani hamkuwa na la maana, masalia ya maonyesho yaliyopita. Wakosoaji, mabalozi na matajiri walirudishwa mlangoni, na inasemekana walikasirika sana. Ningelipa nauli kuwaona. Mtu ambaye hajawahi kurudishwa mlangoni huuona ukuta kama kitu cha kutundikia picha.

Siku ya pili London nilimwambia binamu anipeleke Grove Road. Akauliza kuna nini huko. Nikamwambia hakuna. Alinitazama, akaita "Yarabi," tukaenda. Tulikuta nyasi, miti, mbwa wawili na mwenye mbwa. Nilisimama mahali nilipodhania ni penyewe, nikajaribu kupima kwa hatua zangu upana wa nyumba ambayo haipo, na ambayo hata ilipokuwepo ilikuwa ni sanamu ya nyumba ambayo haipo. Binamu alikuwa kwenye simu akiongea na mamake Mombasa: "Yuko hapa anatembea juu ya majani, shangazi zake wakimuona watasema nimemroga." Tulikula chipsi tukarudi.

Siku iliyofuata ilinilipa. Jengo la Barbican, kama hulijui, ni mlima wa zege. Kuta zake ziligongwagongwa kwa nyundo za mkono, mita kwa mita, zikatoka na ngozi ya mikwaruzo ambayo ukiigusa inakukwangua. Mwaka huo Ibrahim Mahama wa Ghana alikuwa amelivika kitambaa. Mita za mraba 2,000 za nguo ya zambarau na waridi, iliyofumwa na kushonwa Tamale kwa mikono ya mamia ya watu, na juu yake zimeshonewa batakari kama 100, yale makoti mapana ya watu wa kaskazini mwa Ghana, mengine ya machifu, mengine ya watu wa kawaida, yote yaliyowahi kuvaliwa. Upepo ulikuwa unavuma, na ukuta ule mgumu kuliko kuta zote nilizowahi kuona ulikuwa unapumua.

Kwa Mwislamu, jengo lililovikwa nguo lina mahali pake moyoni na sihitaji kupataja. Sikulinganisha, nilikumbuka tu. Nilikumbuka pia harusi za kwetu, kuta zinavyotundikwa leso na vitambaa vya kuazima kutoka nyumba saba, na siku ya tatu kila mtu anakuja kudai chake. Ukuta uliovishwa ni ukuta ulioalikwa. Nilikaa pale karibu saa mbili. Mlinzi mmoja, kijana wa Kisomali, aliniuliza kama niko sawa.

Msanii Lubaina Himid aliliweka jambo hili kwa sentensi moja. Huyu alizaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa bado mchanga, baada ya babake kufariki kwa malaria. Mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza. Kwenye maonyesho yake ya Tate Modern, jumba la sanaa la London, yaliyofunguliwa 2021 aliuliza hivi: tunaishi ndani ya nguo, tunaishi ndani ya majengo, je, vinatuenea? Na Himid naye ni mtu wa kalibu. Mwaka 2010 huko Liverpool alizichukua kalibu za kauri za kutengenezea jeli, zile zenye umbo la kuba na nguzo, akazipaka rangi na kuziweka kana kwamba ni sampuli za mabanda ya kujengwa mjini, kuwakumbuka Waafrika ambao sukari yao na miili yao iliutajirisha mji ule. Mwaka 2017 moja ilijengwa kwa ukubwa wa kuingilika, ufukweni Folkestone. Chombo cha kugandishia jeli, halafu unakaa ndani yake. Kama kuna mtu anafaa kuulizwa kuhusu baraza zetu, ni yeye.

Tate Modern nilienda kwa ajili ya sakafu. Watu walikuwa wanapanda lifti kwenda kuona picha, mimi nimeinama ukumbini, ule ukumbi mkubwa uliokuwa wa mitambo jengo lilipokuwa kituo cha umeme. Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Kolombia aliipasua sakafu ile. Ufa wa mita 167, ukianzia kama unywele na kuishia upana wa kutumbukiza mguu, na ndani ya kuta zake kumenaswa wavu wa chuma kama wa uzio. Maonyesho yalipokwisha waliujaza, lakini mstari umebaki na bado unaonekana, rangi tofauti kidogo, unapita chini ya miguu ya watu wasiojua. Kazi hiyo aliiita kwa lile neno la Waamuzi sura ya 12. Mwenzangu ofisini, msomaji mkubwa wa Biblia, ndiye aliyenisimulia: Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi", na aliyesema "Sibolethi" alichinjwa palepale. Elfu 42. Mimi nilipokwenda Nairobi kusoma, "ndia" yangu badala ya njia na "ndoo" yangu badala ya njoo zilitosha kunitambulisha, na sikuchinjwa, nilichekwa tu, lakini najua mlango wa herufi moja ulivyo.

Kuta za Tate kwingineko ni nyeupe, kama za majumba yote ya sanaa ya leo. Nyeupe ya kujifanya haipo. Desturi yenyewe si ya kale. Karne ya 19 Ulaya walitundika picha kutoka sakafuni hadi darini, fremu kwa fremu, juu ya kuta nyekundu au kijani iliyoiva. Nyeupe ilishinda karne iliyopita, ili jicho lisione ukuta. Sisi pwani tumepaka nyeupe miaka mingi kuliko wao, ila nyeupe yetu ni ya chokaa, inachafuka, inaachia unga kwenye kanzu ya anayeegemea.

Kuna ukuta mmoja ambao sikuuona kwa macho na bado unanisumbua. Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, kikundi cha Wajukuu cha Mukuru, Nairobi, kiliufunika mlango wa jumba la documenta Halle kwa mabati makuukuu. Ili uingie jumba lile la kioo ilibidi upite kwanza kwenye njia nyembamba ya mabati yenye kutu, giza limekuzunguka. Ndani kulikuwa na kazi za wanachama, miongoni mwake ile ya Ngugi Waweru ya visu vilivyonolewa na kunolewa hadi vikabaki vyembamba kama majani ya mchaichai. Mwaka huohuo wakapewa tuzo ya Arnold Bode. Ulaya waliandika kuhusu mtaa wa mabanda na umaskini, kama kawaida. Mimi niliona unene.

Bati la geji 30 halifiki nusu milimita. Huo ndio ukuta wa maelfu ya familia Mukuru. Hauna tumbo, huwezi kuuchongea kidaka. Kikohozi cha jirani ni kikohozi chako, redio yake ni yako, na mchana wa Februari mtoto akiuegemea anaungua. Bibi alikuwa na ukuta wa mkono mzima, na ulipojengwa, waliochoma ile chokaa na kubeba yale mawe aghalabu walikuwa watumwa. Hilo nalo limo ukutani, hata kama watalii hawaelezwi. Kwenye ramani zangu, wa bibi na wa Mukuru wote ni mistari miwili. Tofauti ni umbali kati ya mstari na mstari, na umbali huo una bei. Wajukuu walilazimisha watu waliozoea kuta nene wapite kwenye wembamba kwa dakika moja. Hata Edward Saidi Tingatinga, pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza na vipande vya ubao wa viwandani, ule wa kupigia dari, na rangi za baiskeli. Mtu huchukua kilichopo kwenye ujenzi.

Nami nikachukua jipsamu.

Ilikuwa Desemba, nimeshatoka London, kichwa kimejaa. Nyumba ya Lamu anaishi mama sasa. Nilimwambia nataka kujaza kidaka kimoja, kimoja tu, kisha nikivue, niwe nacho mezani kwangu kazini. Mama akasema, "Zidaka 48 na wewe huna kazi nyingine." Hakukataa. Nilichagua cha safu ya kati, usawa wa kifua, kile cha meno ya bibi.

Nikapima. Mimi ni mtu wa kupima. Mdomo, shubiri mbili kwa moja na nusu, nikaandika. Nikapaka mafuta ya nazi ndani kote ili jipsamu isishike. Nikakata plaiwudi, nikaziba mdomo na kuacha mwanya juu, mtoto wa jirani akaishikilia kwa mgongo wake. Ndoo mbili na nusu zikaingia. Jipsamu ikianza kukaza hutoa joto, na niliweka kiganja kwenye plaiwudi nikausikia ukuta ukipata moto kama mtu. Baada ya saa moja nikaondoa ubao. Uso ulikuwa mweupe, laini, umenyooka. Nikavuta. Nikagonga pembeni kwa kipini cha nyundo, nikavuta. Nikafunga kamba kwenye kulabu niliyoitia ikiwa bado mbichi, mtoto wa jirani akanishika kiuno, tukavuta wote wawili. Kulabu ikachomoka na tukaketi chini.

Tukamwita mzee wa chokaa, yule ambaye bibi alitaka aitwe tangu siku za saruji ya mjomba. Alikuja na bakora yake, akaketi kwanza, akanywa kahawa, akaulizia afya za watu wote. Kisha akasimama, akapitisha kidole kimoja kwenye ukingo wa fremu, pole pole, pande zote nne.

"Ulipima mdomo?"

"Nilipima."

"Na tumbo?"

Sikujibu. Fremu ya chokaa, ile nakshi niliyoitazama maisha yangu yote, imejengwa ikiingia ndani kwa upana wa kidole kuzunguka mdomo. Nyuma yake kidaka kinapanuka. Mdomo mdogo, tumbo kubwa, kama mtungi. Mtu anayechora mistari miwili hawezi kuliona hilo, maana limefichwa katikati ya mistari.

"Kutoka kitatoka, mjukuu wangu," akasema mzee. "Uvunje ukuta."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na upawa. "Vunja huo mkono wako kwanza."

Niliwaeleza habari za Whiteread, kwamba na yeye ilimbidi abomoe nyumba ndipo hewa itoke, kwamba ndivyo kazi ilivyo. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza hiyo hewa waliiweka wapi. Nikasema waliibomoa baada ya miezi miwili na ushei. Akatikisa kichwa, akaomba kahawa nyingine.

Jipsamu bado imo. Mama amepigilia msumari juu yake na kutundika kalenda ya nyakati za swala. Zidaka sasa ni 47.